Siku Ishirini na Mbili Juu ya Kiti cha Krithoni

Melaina, Sisilia
Siku ya nane, mwezi wa Munikioni

Dada Glike,

Salamu kwako, kwa shangazi Eupate, na kwa majirani wote isipokuwa Menekle. Mimi ni mzima sasa. Nilitapika kutoka Pireo hadi Korkira, mpaka nahodha akasema hajawahi kuona mwanafalsafa mwenye mambo mengi hivyo ndani yake.

Nimefikia vizuri. Nimepewa chumba kinachotazama bandari, kitanda chenye miguu ya shaba, na samaki aina ya mkunga, wa kuokwa, kila siku. Nakula kidogo tu, kwa adabu.

Shughuli ilianza siku ileile. Krithoni, mtawala wa mji huu, aliyeuchukua kwa mikuki miaka kumi na miwili iliyopita, ni mtu mnene, sauti yake ya upole. Masikio yake ni makubwa. Sitasema zaidi, maana barua zinasomwa.

"Wewe Mwathene," akaniambia mbele ya wageni wake wote, "nani mwenye furaha kuliko watu wote?"

"Mtu wa haki," nikasema, "hata akiwa kifungoni."

"Na mimi je?"

"Wewe, bwana, kwa heshima zote, ni wa mwisho kabisa. Unamwogopa kila mtu, na huna hata mmoja wa kumwambia hivyo."

Meza nzima iliacha kutafuna. Mtu mmoja alibaki na zeituni shavuni kama jino lililovimba. Halafu Krithoni akapiga makofi, wote wakapiga makofi, na yule bwana akameza zeituni pamoja na kokwa yake.

Ndiyo maana nilikuja, dada. Miaka yote nimesema pale sokoni kwamba dhuluma humuumiza dhalimu kwanza, Menekle akinicheka. Hapa nimempata dhalimu mwenyewe, tena anasikiliza. Nipe kiangazi kimoja tu, nitamgeuza.

Jambo moja la ajabu: mitungi yote ya mji huu ina mkono mmoja wa kushikia. Wanawake wanatoka kisimani wamelala upande kama mashua iliyopakiwa vibaya. Nilimuuliza mwenyeji mmoja wa hapa sababu, akanionyesha jinsi anga lilivyo zuri leo.

Ndugu yako,
Sosila


Athene
Siku ya pili, mwezi wa Thargelioni

Mdogo wangu Sosila,

Barua yako imefika inanuka samaki. Sisi ni wazima. Shangazi Eupate amepoteza jino jingine na anawalaumu Wasparta. Mbuzi wako alikula lile andiko lako juu ya kiasi, akalimaliza lote. Mashada yangu ya maua yanatoka vizuri, ni msimu wa arusi, vidole vyangu vimekuwa kijani. Paa lilivuja, Menekle akaja kuliziba.

Huyo Menekle anasema umekosea kama kawaida yako. Anasema mtawala wa mabavu ndiye mwenye furaha kuliko wote, kwa sababu akitaka zabibu analetewa zabibu. Nikamwambia, "Shika nyundo, maneno yako hayazibi tundu."

Sasa tuje kwenye hiyo mitungi. Uliuliza, ukaonyeshwa anga, ukaridhika? Wewe? Wewe uliyekuwa na miaka sita ukamuuliza kuhani mbele za watu kama miungu nayo inakwenda haja, tukafukuzwa sote kwenye sherehe na Mama akajifunika uso mpaka nyumbani? Mitungi haijikati mikono, Sosila. Kuna mtu nyuma ya jambo hili. Ni nani, na yuko wapi?

Na nahodha ananiambia umevaa joho la zambarau, la kitawala. Nimemwambia amekufananisha.

Dada yako,
Glike


Melaina
Siku ya ishirini na moja, mwezi wa Thargelioni

Dada mpendwa,

Nakusalimu sana. Afya njema. Joho lilikuwa zawadi, kulikataa kungekuwa utovu wa adabu.

Huyu mtu namhurumia, dada, amini. Kila siku anacheza kete na watu wake wakubwa, na kila siku anashinda. Hajashindwa tangu ashike mji. Jana alicheza vibaya makusudi, akaacha kete zake zote wazi, nami nikaona kwa macho yangu waziri wake akitokwa jasho kutafuta namna ya kushindwa. Aliipata. Krithoni akaniangalia, macho yamejaa machozi, akaninong'oneza, "Umeona?"

Kuhusu mitungi, si jambo kubwa sana. Kuna mfinyanzi anaitwa Formo. Mtu fulani alitazama mtungi wake wa mikono miwili, mnene tumboni, mikono imetoka huku na huku, akasema, "Mheshimiwa huyo!" Soko likacheka. Tangu hapo mikono miwili imepigwa marufuku, na Formo amefungwa shimoni kwenye machimbo ya mawe tangu majira ya baridi. Nimekusudia kuligusia jambo hilo. Nangoja wakati mzuri. Ukianza na kesi ya masikio, mtu wa masikio anafunga masikio.

Kwani Menekle nyumbani kwake hakuna paa?

Sosila


Melaina
Siku ya nane, mwezi wa Skiroforioni

Dada! Dada!

Sina nafasi ya salamu, wasalimie wote.

Nimeshinda. Leo asubuhi Krithoni aliniita, walinzi wote wamepangwa safu na mkuu wao Thoa mbele. Akasema, "Sosila, umenithibitishia kwamba mimi ndiye mnyonge kuliko wote. Nimefikiri siku nyingi. Kweli tupu. Nimechoka. Nakwenda shambani kupanda vitunguu."

Nikasema, "Bwana, hii ni siku kubwa kwa haki!"

Akavua pete ya muhuri akanivalisha mimi. "Kiti ni chako," akasema. "Thoa, mtii huyu." Nikamwambia, lakini bwana, nimekuambia kiti hiki ni ugonjwa. Akasema, "Ndiyo. Na wewe unajua dawa." Akapanda nyumbu, akaenda. Dada, alikuwa anaimba!

Nimekubali, kwa mwezi mmoja tu. Mpaka niandike sheria nzuri, halafu nitawarudishia wananchi mji wao umenyooka. Fikiria mwenyewe: mtu anayeijua haki akiwa na walinzi mia mbili! Yale ambayo mkutano wa watu elfu unagombania mwaka mzima, mimi nayamaliza kabla ya chakula cha mchana. Tayari nimebadilisha saa ya soko. Thoa anasema hajawahi kuona akili kama yangu. Jioni tulicheza kete, nikamshinda mara tano mfululizo, na sikujua kama ninao mkono huo!

Usimwambie Menekle.

Sosila


Athene
Siku ya ishirini na saba, mwezi wa Skiroforioni

Sosila,

Barua zako mbili zimefika siku moja, ile ya kwanza ilikwama Korkira. Nimezisoma moja baada ya nyingine nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini.

Shangazi hajambo. Mbuzi hajambo. Ukuta wa jikoni unatengenezwa.

Nimemwambia Menekle. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ngazi. Anasema, "Mwambie ale zabibu." Shangazi naye anauliza kama sasa tukuite mheshimiwa au tuendelee kukuita Kamasi.

Mimi nina swali moja. Umeniandikia habari za pete, za nyumbu, za saa ya soko na za kete. Nimeigeuza barua juu chini. Formo yuko wapi? Una walinzi mia mbili, una muhuri, na shimo la machimbo lina mlango. Ulikuwa unangoja wakati mzuri. Wakati wenyewe ulikuvalisha pete kidoleni.

Kama ametoka, niandikie. Kama hajatoka, usiniandikie mimi. Waandikie wenzako, hao wanaoshindwa kete.

Glike


Melaina
Siku ya ishirini, mwezi wa Hekatombeoni

Dada Glike,

Nakusalimu, na safari hii nakusalimu kwa aibu. Barua yako imenikuta nimezama kwenye udongo wa kufinyangia mpaka magotini. Nitakueleza kwa mpangilio, na sitapaka rangi.

Formo hakutoka siku ya kwanza. Nilitaka kumtoa. Thoa akaniambia, "Mheshimiwa, ukimtoa leo watasema Mwathene ni laini. Mtoe baada ya sheria kuandikwa." Nikaona ni busara. Siku ya nne nikauliza tena, akajibu vilevile, na nikaona afadhali, kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi. Siku ya tisa sikuuliza.

Siku ya kumi na mbili, muuza samaki mmoja aliniiga ninavyotembea. Unajua ninavyotembea, vidole ndani. Watu wakacheka. Nikamgeukia Thoa nikasema, "Yule anaitwa nani?" Hayo tu, dada. Niliuliza jina. Siku iliyofuata meza yake ya samaki ilikuwa tupu, na hakuna aliyeniambia kitu, nami sikutaka kuambiwa.

Usingizi ulinikimbia. Nilianza kufikiri Thoa ananitazama shingo. Nikamwamuru mpishi aonje chakula, halafu nikamwamuru mtu mwingine amtazame mpishi. Wakati wote huo nilikuwa nashinda kete. Mara arobaini na moja, dada. Nilikuwa nahesabu.

Siku ya ishirini na mbili nilikwenda machimboni mwenyewe. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzuri ya kumweleza Formo kwa nini haki ya mji mzima inamtaka asubiri kidogo. Ni mtu mfupi, upara, mikono mipana kama makafi. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha jiwe anafinyanga vikombe kwa tope la shimoni, anawagawia wenzake. Yule muuza samaki alikuwa kando yake, anashika kimoja.

"Karibu, mheshimiwa," Formo akasema. "Unashuka, au unasemea huko huko juu?"

Nikashuka. Nikaanza hotuba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufinyanga.

"Ni hotuba nzuri," akasema. "Wewe ndiye uliyemwambia Krithoni kwamba mtu wa haki ana furaha hata kifungoni?"

"Ndiye."

"Habari ilitufikia. Tulicheka kweli, tukasema huyo Mwathene hajawahi kufungwa." Akapuliza vumbi kwenye kikombe. "Mimi hapa sina furaha, bwana. Mgongo unauma, namkumbuka mke wangu, na mkate wa hapa ni mchanga mtupu. Lakini ngoja nikuulize. Tuseme leo tubadilishane. Mimi nivae pete, wewe ukae hapa. Halafu nikuache humu kwa sababu ya mtungi. Nikikuomba unipokee nyumbani kwako kesho yake, utanifungulia mlango?"

"Sitakufungulia."

"Basi. Mimi nikitoka hapa kila mlango wa mtaa wa wafinyanzi uko wazi kwangu. Wewe ukitoka kwenye hicho kiti, utakwenda kwa nani?"

Dada, nilifikiri. Nilipita nyumba moja moja kichwani, mji mzima. Halafu nikafikiri nyumba yako. Nikaona uso wako mlangoni, na nikakaa chini kwenye tope na joho langu la zambarau.

Yule muuza samaki akasema, "Ameanza kulia. Sasa watatuua kwa kumwona analia."

Nikawatoa wote, watu thelathini na wanne. Thoa alinikuta njiani. Akaninong'oneza kwamba nimefanya kosa, ila bado linarekebishika: niseme neno tu, walinzi wasafishe soko kabla habari haijaenea. "Na kama huna moyo huo," akasema, "kuna meli yako bandarini, imejaa maji na mkate. Ondoka na shukrani zangu, kiti nitakilinda mimi."

Nilimtazama, na nilitamani ile meli kama mtoto anavyotamani titi. Nikamwambia, "Nakwenda sokoni." Akaniambia nitauawa. Nikamwambia inawezekana.

Nikasimama juu ya meza ya samaki nikasema kwamba mji ni wao, nikaivunja pete kwa jiwe mbele yao. Halafu mzee mmoja akapiga makofi, kwa woga, wote wakapiga makofi, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha. Walipiga mpaka mikono ikawa myekundu. Nikapiga kelele, "Acheni! Acheni, nawaomba!" na wakaacha papo hapo, wote kwa pamoja, jambo ambalo liliniumiza zaidi.

Aliyetuokoa ni mama mmoja, mama wa mlinzi. Alimwona mwanawe amesimama na mkuki. Akamwambia, "Wewe Bato, weka chini hicho kijiti uje ubebe vitunguu, mgongo wangu unauma." Bato akamtazama Thoa. Akamtazama mama yake. Akaweka mkuki chini. Wenzake nao wakaweka, kwa sababu wengi wao ni watoto wa mji huu na mama zao walikuwepo hapo hapo. Thoa akapanda ile meli yangu, na hatujamwona tena.

Mkutano wa wananchi ukakaa siku iliyofuata, wa kwanza kwa miaka kumi na miwili. Unajua jambo la kwanza walilojadili? Mimi. Walipiga kura nishtakiwe kwa zile siku ishirini na mbili nilizokalia kiti. Mtu mmoja akaniambia malango hayalindwi, niende zangu. Nikabaki. Nilijitetea vibaya sana, dada, Menekle angefurahi. Muuza samaki alinishtaki huku akiniiga kutembea mbele ya mahakama, vidole ndani, na hata mimi nilicheka. Kura sitini na moja zilisema nina hatia, arobaini zikasema sina. Nikahukumiwa kumkandia Formo udongo kwa siku ishirini na mbili. Leo ni ya tisa.

Krithoni naye alirudi juu ya nyumbu, siku ya tatu baada ya mkutano, vitunguu vyake vimeliwa na funza. "Nimepumzika," akasema. "Nirudishie." Nilipomwambia hakuna cha kurudisha, alidhani natania. Naye alishtakiwa, akahukumiwa kuondoka Sisilia asirudi. Kabla ya kupanda meli aliomba mtu acheze naye kete, kiukweli. Formo akacheza. Akamshinda kabla mkate haujaiva. Krithoni akazihesabu kete zake mara mbili, halafu akasema, "Sasa hii ndiyo kete," akamshika mkono, akaenda.

Nimeandika yote. Kama bado hutaki barua zangu, nitaelewa.

Sosila


Athene
Siku ya nane, mwezi wa Metagitnioni

Mdogo wangu,

Nimekusalimu mara nyingi kimoyomoyo tangu barua yako ije, kwa hiyo salamu zimekwisha. Shangazi Eupate amelia, akasema alijua tangu zamani kwamba kamasi zako zitakauka siku moja.

Niliisoma barua kwa sauti wakati wa chakula. Menekle alikuwepo. Nilingoja acheke. Alikoroga supu ya dengu mpaka ikapoa. Akasema, "Alikuwa na meli, akabaki ashtakiwe? Mjinga huyo." Kisha akasema, "Nisomee tena pale." Asubuhi alikwenda kwa tajiri mmoja aliyemlipa amwandikie hotuba ya mahakamani ya kumnyang'anya mjane shamba, akamwambia atafute mwandishi mwingine. Hakunieleza sababu, nami sikumuuliza.

Sasa ni zamu yangu kusema ambalo sikusema. Paa lilizibwa siku moja. Ukuta wa jikoni haukuwa na ubovu wowote. Menekle anataka kunioa.

Sikukuandikia kwa sababu najua unavyompenda. Na kwa sababu nyingine. Kwa sheria ya mji huu mimi siwezi kujiozesha. Mjane au bikira, mwenye neno ni baba, na baba akifa ni ndugu wa kiume, hata kama ndugu huyo nilimfundisha mimi kufunga mkanda. Ukisema hapana, ni hapana, na hakuna mahakama nitakayokwenda.

Baba alipokufa uliniozesha kwa Hagno. Mlikubaliana mezani, wewe na yeye, mkiwa mnakula. Mimi niliambiwa na mpishi. Nilikaa na Hagno miaka saba, mpaka alipokufa, na unajua ilivyokuwa. Sijawahi kukulaumu kwa maandishi. Nimekulaumu nikifunga mashada, kila siku, mwaka hadi mwaka.

Nimemaliza. Pete ile uliivunja. Hii nyingine bado iko kidoleni mwako. Sijui utafanya nini, na siogopi kukuambia kwamba naogopa.

Glike


Melaina
Siku ya kwanza, mwezi wa Boedromioni

Dada yangu Glike,

Nimekusalimu. Nimemaliza adhabu yangu, Formo alinipa mkono mbele ya mtaa.

Barua yako nimeisoma siku tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, nikasema, Menekle! Nikapata sababu nane nzuri za kukukatalia, na zote zilikuwa za haki kabisa, za busara, kwa faida yako. Kisha nikazitambua. Zilikuwa na sauti ya Thoa.

Nakumbuka ile meza ya Hagno. Ilikuwa na sungura. Nakumbuka sungura, dada, na sikumbuki kama kuna mtu alitaja jina lako. Nilikuwa nikihubiri haki sokoni asubuhi yake. Sina cha kujitetea, na sitatafuta.

Kwa hiyo nakuuliza, jambo ambalo nilipaswa kukuuliza miaka kumi na mitano iliyopita: wewe unataka nini?

Ukisema ndiyo, nitakuja kabla baridi haijafunga safari za bahari, nisimame mbele ya mashahidi, niseme yale maneno ambayo sheria inataka yatoke mdomoni mwangu, na yatakuwa ya kwako. Ukisema hapana, nitamwambia Menekle mimi mwenyewe, na nitajitahidi nisionyeshe furaha.

Nijibu upesi. Nahodha anasema zimebaki safari mbili.

Sosila


Athene
Siku ya kumi na saba, mwezi wa Boedromioni

Sosila,

Ndiyo. Njoo.

Nimelia kidogo. Menekle anadhani ni moshi wa jikoni, ameshachukua nyundo kwenda kutazama tundu la moshi, na nimemwacha aende.

Dada yako,
Glike